Kyavinyonge: asubuhi ukungu ulipofunika ziwa

Mmezoea kusikia sauti yangu jioni nikiwaletea habari za watu wengine. Leo niruhusuni niwaletee habari yangu mwenyewe, kwa sababu ndani yake kuna deni, na deni halilipwi kwa kunyamaza.

Baadhi yenu mnakumbuka taarifa ya saa moja asubuhi, siku moja ya mwezi wa Mei 2024. Siku ile mtu wa pwani ya Kyavinyonge alinipigia simu saa kumi na mbili na dakika arobaini. Alisema wavuvi watatu walitoka jana jioni na hawajarudi, ziwa limefunikwa na ukungu, na usiku watu walisikia milio ya bunduki upande wa maji. Nikamwuliza majina. Akanipa yote matatu. Kisha simu ikakatika, na kila nilipompigia tena hakupatikana.

Nilikuwa na dakika ishirini. Katika kozi ya uandishi wa habari tulifundishwa jambo hili mpaka likaingia kichwani kama sala: habari moja, vyanzo viwili. Lakini nilijua pia kwamba radio nyingine ya mji ilikuwa na mtu wake kule, na sikutaka kuwa wa pili. Saa moja nikasoma yale majina matatu. Nikaongeza na maneno ambayo hakuna mtu aliyeniambia: "Inahofiwa kwamba wamepoteza maisha."

Saa nne ukungu uliondoka. Saa tano wale watatu walifika pwani, wazima, wana njaa, mtumbwi una samaki.

Hapa Butembo, katika komune ya Bulengera, palikuwa na mama mmoja. Sitamtaja jina, na yeye mwenyewe ameniomba hivyo. Miaka mingi aliishi Vitshumbi, kusini mwa ziwa, akiuza samaki wa moshi. Mwezi wa Machi 2024 waasi wa M23 walipoingia Vitshumbi, alivuka ziwa kwa mtumbwi pamoja na watoto, akafika Kyavinyonge. Mtoto wake mkubwa akabaki pale kutafuta kazi ya kuvuta nyavu. Yeye akapanda mpaka Butembo na wadogo, akapokelewa na familia moja. Wamama wa kanisa wakamkopesha kapitali kidogo. Akaanza kukaanga mandazi kando ya barabara.

Asubuhi ile jirani alimwita: "Mama, kuya usikie!" Akasikia jina la mtoto wake likitoka katika mdomo wangu.

Aliuza nusu gunia ya unga, bido ya mafuta na sufuria kubwa ya kukaangia, kwa bei yoyote ile aliyopewa, ili apate pesa ya motari ya kwenda kuchukua maiti. Akafika Kyavinyonge jioni. Akamkuta mtoto wake amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anakula bugali.

Kesho yake nilisahihisha habari hewani na kuomba radhi. Watu wengine walinisifu, eti mwandishi wa kweli anakubali kosa. Lakini baada ya majuma mawili, nilipompata yule mama na kumwendea nyumbani, aliniambia maneno ambayo bado ninalala nayo: "Mutoto wangu, radio yako ilimuua kijana wangu saa moja, ikamufufua kesho yake. Lakini sufuria yangu haikufufuka."

Nilinunua sufuria. Unga na mafuta nililipa polepole, miezi mitatu, maana ninyi mnajua mshahara wa mwandishi wa radio ya hapa kwetu ulivyo. Nikafikiri deni limekwisha. Lakini mwezi wa Novemba ujumbe ukafika kutoka Kyavinyonge. Mzee mwenye mtumbwi ule alisema: "Yule mutu ya radio anasemaka habari yetu kila siku, lakini hajaingiaka mu ziwa hata siku moja. Akuye aone ukungu na macho yake."

Nikaenda.

Anayetoka Butembo anapita Kyondo, mahali pa baridi ambapo hata mchana mtu haachi koti lake. Tukanywa chai pale, mimi na motari wangu, tukaanza kushuka. Mlima unakatika ghafla, na chini yake unaona nyasi za mbuga ya Virunga, halafu maji. Kila kona unashuka na joto linaongezeka. Kyondo nilikuwa na makoti mawili. Nilipofika pwani nilikuwa na shati tu, na shati lenyewe limelowa.

Kwa wale ambao hawajafika huko, na kwa watoto wetu wanaokua kambini bila kuona ziwa: ziwa Edouard liko mita 900 na kidogo juu ya usawa wa bahari. Urefu wake ni karibu kilomita 77 na upana wake karibu 40. Sehemu kubwa ni ya Kongo, na sehemu ndogo upande wa mashariki ni ya Uganda. Maji yake yanatokea Ishango, si mbali na Kyavinyonge, yanakuwa mto Semliki na kwenda mpaka ziwa Albert. Jina hili la Edouard tuliletewa na Stanley mwaka 1889, akimheshimu mtoto wa malkia wa Uingereza. Wazee wanakumbuka kwamba toka 1973, Mobutu na mwenzake wa Uganda walipokuwa marafiki, liliitwa ziwa Idi Amin. Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, jina likaanguka naye. "Samaki hawakujua kitu," mzee aliniambia. "Walikuwa wanaingia mu nyavu vile vile."

Na watu wa hapa wanavua tangu zamani kuliko majina hayo yote. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, Jean de Heinzelin, alichimba pale Ishango akapata mikuki ya mifupa ya kuvulia samaki, pamoja na ule mfupa mdogo wenye mistari ya kuhesabu ambao leo uko Bruxelles katika nyumba ya makumbusho. Wataalamu wanasema una miaka karibu 20,000. Nilipomweleza kijana wa Vitshumbi habari hiyo, aliuliza swali moja tu: "Na wao walilipaka kodi kwa nani?"

Swali lake si mzaha. Mvuvi wa ziwa hili ana mabwana wengi. Ziwa liko ndani ya mbuga ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925, kwa hiyo kuna sheria za mbuga: vijiji vichache tu ndivyo vinakubaliwa kuvua, nyavu za macho madogo zinakatazwa, na mahali samaki wanapozalia hapaguswi. Kuna askari wa majini. Kuna watu wenye silaha ambao wanatoka katika majani na kuomba "jeton" au kuteka mtu mpaka familia ilipe. Na kuna mpaka. Mpaka ule hauna nguzo wala kamba. Mtu akivuka bila kujua, anaweza kukamatwa na askari wa upande wa pili, mtumbwi unakwenda, moteri inakwenda, nyavu zinakwenda, na yeye mwenyewe analala gerezani mbali na kwao. Mwezi wa Julai 2018 majeshi ya majini ya nchi hizi mbili yalirushiana risasi juu ya ziwa hili hili, na watu walikufa.

Usiku ule nililala kwa mzee. Kulala ni neno tu. Kiboko alikuja kula majani nyuma ya nyumba, nikamsikia akitafuna karibu na kichwa changu, ukuta wa udongo kati yetu. Asubuhi mzee alicheka: "Huyo ni jirani." Akaniambia kwamba zamani jirani hawa walikuwa wengi sana. Ni kweli: miaka ya 1970 mbuga ilihesabu viboko karibu 30,000, na kufikia mwaka 2005 walibaki chini ya 1,000, kwa sababu ya bunduki za vita na biashara ya nyama. Wavuvi wanalia hasara hiyo kama yao, na wana haki. Kiboko anakula majani nchi kavu usiku na kuacha mavi yake majini mchana. Mavi yanalisha vijidudu, vijidudu vinalisha tilapia. Tilapia akipungua, mama wa Butembo ananunua kichwa cha samaki ili mchuzi upate harufu.

Tulitoka saa kumi ya alfajiri, watu wanne: mzee nyuma akishika usukani wa kafi, kijana wa Vitshumbi mbele, mwenzake katikati, na mimi juu ya nyavu kavu kama mzigo. Mtumbwi wa mzee ni mdogo, wa mbao, hauna moteri. Alikuwa nayo moja. Hakusema ilikwenda wapi, nami sikuuliza. Nilikuwa na jile, lile koti la kuelea, ambalo mzee alilikopa kwa jirani juu yangu. Wao watatu hawakuwa na kitu.

Nyota zilikuwa wazi. Tulipiga kafi muda wa saa nzima na zaidi. Nyavu zilikuwa zimetegwa jana yake jioni, na maboya yake ni bido ndogo za njano na vipande vya sandali za zamani vilivyofungwa kwenye kamba. Walipoanza kuvuta, kijana wa mbele akiinua, mwenzake akitoa samaki katika macho ya wavu, mimi nilipewa kopo la kutoa maji ndani ya mtumbwi. Kazi hiyo ndiyo ya mgeni, na haikosi.

Tilapia wa kwanza alipiga mkia juu ya miguu yangu. Kisha wengine wawili, kisha nafasi ndefu bila kitu, kisha kambale mkubwa mwenye ndevu aliyekuwa amepasua wavu. Nilinyanyua kichwa nimwambie mzee jambo, sikumwona.

Alikuwa mita tatu kutoka kwangu. Ukungu ulikuwa umeingia bila sauti, toka upande wa milima, kama moshi wa mtu anayechoma majani mabichi. Nilifahamishwa baadaye kwa nini unakuja hivyo: maji ya ziwa yanabaki na joto usiku kucha, na hewa ya baridi inashuka toka Kyondo na milima yote ya magharibi inakutana nayo. Lakini ukiwa ndani yake hufikiri mambo ya hewa. Ulificha nyota, ukaficha maboya, ukaficha maji yenyewe. Mkono wangu niliuona mpaka kwenye kiwiko.

Nilisema kwa nguvu: "Papa, tufanye nini? Turudi?"

"Sema polepole," sauti ya mzee ikanijibu. "Sauti inatembeaka sana juu ya maji. Na kurudi ni wapi? Nionyeshe."

Sikuweza kuonyesha.

"Basi. Kama hauone, unasimama. Wavu iko na mawe chini, itatushika. Ukungu hauuaka mutu. Haraka ndiyo inaua."

Tukafunga mtumbwi kwenye kamba ya wavu na kukaa. Nilitazama simu yangu. Ilikuwa imepokea ujumbe: mtandao wa Uganda unanikaribisha. Damu ilinishuka. Nikasema: "Papa, tumevuka. Simu inasema tuko Uganda." Wote watatu walicheka kwa sauti ya chini, mabega yanatikisika. Kijana akasema: "Yaya, hata mu choo ya mzee simu inakukaribishaka Uganda."

Nilicheka pia, lakini tumbo halikucheka. Kama simu haijui, na macho hayaoni, nani anajua tuko wapi? Mzee alijua, au alijua nusu. Alitia mkono majini na kusikiliza mawimbi yanapiga upande gani wa mtumbwi. Alituomba tunyamaze asikilize ndege. Alisema jogoo wa Kyavinyonge wakilia wanasikika, na kama hawasikiki tuko mbali kuliko anavyofikiri. Hatukusikia jogoo.

Badala yake tulisikia moteri.

Ilitoka mbali upande wa kushoto, ikakaribia, ikapunguza nguvu. Katika ukungu hujui moteri iko wapi hasa. Sauti iko pande zote. Mzee alituma neno moja: "Lala." Tukalala juu ya samaki. Nilikuwa na uso juu ya kambale, mate yake katika shavu langu. Niliwaza kadi yangu ya mwandishi iliyo mfukoni, kama itanisaidia au itaniponza, kulingana na nani anashuka. Askari wetu? Wa upande wa pili? Watu wa majani? Moteri ilisimama kabisa. Tulisikia watu wakizungumza, maneno hayaeleweki, na mmoja akakohoa. Yule mtu aliyekohoa alikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia akitema.

Sijui tulikaa hivyo dakika ngapi. Moteri ikawaka tena, ikaenda zake. Mpaka leo sijui walikuwa nani. Ningekuwa yule wa mwezi wa Mei, ningewaandikia hapa kwamba "inahofiwa" walikuwa fulani. Hapana. Ilikuwa mashua yenye moteri na mtu mwenye kikohozi. Hayo ndiyo niliyosikia.

Ni baada ya hapo kijana wa Vitshumbi alianza kunisemesha. Toka jana yake alikuwa akinisalimia kwa heshima bila kuongeza neno. Sasa aligeuka, nikaona umbo lake tu, na akasema:

"Ile siku ya mwezi wa tano, tulikuwa hivi hivi. Tulikuwa na radio kidogo ya batri. Tulikusikia."

Sikuelewa mara moja. "Mlisikia nini?"

"Majina yetu. Tulikuwa tumekaa mu ukungu, tunakula bugali ya baridi, tunasikia wewe unasema tumekufa. Kwanza tulicheka. Mwenzangu akasema, basi leo hatulipe kodi. Halafu nilikumbuka mama iko anafungua radio kila asubuhi. Simu ilikuwa imezimika. Nilianza kuita. Niliita 'Mama, niko hapa', kama mutoto, mu ziwa. Mzee akaniambia ninyamaze, tutakamatwa."

Mzee nyuma hakusema kitu. Maji yalipiga mbao.

Ndugu zangu, nimesimama mbele ya watu wakubwa na kipaza sauti, nimeripoti mauaji ya Beni toka 2014, nimeripoti Ebola mwaka 2018 mpaka ilipotangazwa kwisha Juni 2020, nimeripoti watu wakikimbia na godoro kichwani. Sijawahi kukosa neno. Pale nilikosa. Nilisema: "Unisamehe." Akajibu: "Nilishasamehe zamani. Mama alinunuliwa sufuria. Lakini nilitaka ujue."

Yapata saa mbili tulisikia kitu kama ngoma mbaya, isiyo na mpigo. Mzee akainua kichwa. Ilikuwa bido tupu. Pwani, ukungu ukikaa sana, wamama na watoto wanapiga bido na mapipa ili mitumbwi ijue nchi iko wapi. Hakuna aliyewatuma, hakuna anayewalipa. Kila mwanamke anapiga kwa ajili ya mtu wake, na mtu wa mwingine anafaidika. Mzee alisikiliza muda mrefu, akageuza mtumbwi kidogo, akasikiliza tena. "Ni kule," akasema. Tukavuta wavu uliobaki, tukafungua kamba, tukapiga kafi polepole, tukisimama kila mara kusikiliza.

Ukungu uliondoka kama ulivyokuja, bila kuaga. Kwanza kipande cha maji, kisha kichwa cha kiboko tulichokwepa kwa mbali, kisha korongo wale wenye vipara wakingoja pwani kama wakubwa wa ofisi, kisha watu. Kila mtumbwi ulipotokea, mtu mmoja aliacha kupiga bido. Tulipogusa mchanga, mke wa mzee aliweka bido yake chini, akamwuliza mume wake: "Mumepata nini?" Ndiyo salamu yake. Hakuuliza kitu kingine, lakini nilimwona mikono: ngozi ya vidole ilikuwa imechubuka.

Tulikuwa na tilapia ishirini na moja, kambale watatu, na samaki wawili wakubwa wasio na magamba. Baada ya kutoa sehemu ya huyu na sehemu ya yule, na ya mwenye nyavu, kijana wa Vitshumbi alibaki na tilapia wanne. Nilinunua watatu kwa franka 10,000. Hakutaka kuchukua pesa. Nikamwambia si yangu kumpa, ni mzigo wa kumpelekea mama, na mzigo unalipiwa. Akachukua.

Jioni ya kesho yake nilifika Bulengera na samaki waliokwisha kupitishwa kwenye moshi. Mama aliwafungua, akawanusa, akawageuza kama mtu anayejua kazi. Nikaanza kumweleza habari ya ukungu, moteri, bido. Akanikata: "Asubuhi mu ziwa kuko baridi. Alikuwa anavaa nini?" Nikajaribu kukumbuka. Nikamwambia: shati la mikono mifupi, jekundu, na jile hana. Akanyamaza. Kisha akaingia ndani, akatoka na sweta ya kijani. "Ukirudi kule, mupelekee." Niliipeleka majuma matatu baadaye, na nilimwona akiivaa.

Sasa niseme neno la kazi, kwa ajili ya familia zenye watu ziwani na kwa ajili ya sisi tunaoshika kipaza sauti.

Mtu wako asiporudi kwa saa yake, uliza kwanza kama kuna ukungu. Mvuvi anayejua kazi anasimama mpaka uishe, na unaweza kukaa mpaka saa nne au tano. Ukituletea habari, tuambie mambo tunayoweza kuuliza kwingine: namba ya mtumbwi, saa alipotoka, alielekea wapi, nani alimwona mara ya mwisho. Mpigie mtu wa kamati ya wavuvi pale pwani kabla ya kutupigia sisi. Na kabla ya kuuza kitu cha nyumbani, omba mtu wa pili athibitishe, hata kama radio imeshasema. Hata kama ni mimi niliyesema.

Kwa upande wetu, toka Mei ile sisomi tena jina la mtu aliyepotea kabla familia yake haijajulishwa, na neno "inahofiwa" nimelifuta katika daftari langu. Mara mbili radio nyingine zimenitangulia kwa habari za ziwa. Mara moja zilikuwa na haki. Mara ya pili watu walirudi saa sita mchana na samaki wao.

Na wale mlio na uwezo, mnaopita Kyavinyonge na magari: mzee na vijana wake bado wanaingia majini bila jile. Lile la kukopa nililirudisha kwa jirani siku ile ile.

Ninyi wa Vitshumbi, wa Rutshuru, wa Lubero, mlio katika nyumba za watu hapa Butembo na Beni, mnaongoja siku ya kurudi: watoto wenu niliowaona kule wanawasalimu. Wamesema wanakula. Wengine wamekonda, sitawaficha. Lakini wako, nimewaona kwa macho yangu, na kila ukungu ukiingia kuna watu wanawapigia bido.

Tutasikilizana jioni.